Uvimbe Ulioshiba Mtogwa

Siku Kioo, mashine ya picha ya hospitali, kilipotangaza kwamba wagonjwa wote wanne wa asubuhi wanapona, Daktari Osmunda Mlelwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi, na kabla jua halijafika utosini ndiye aliyekuwa wa kwanza kujuta.

Wanne kwa wanne lilikuwa jambo ambalo halijapata kutokea pale Nyandatatu, wala hospitali nyingine yoyote yenye Kioo. Ukibahatika unapata wawili. Siku mbaya humpati hata mmoja, na hapo ndipo kazi ya daktari inapokuwa kazi ya mchimba kaburi. Kwa hiyo Osmunda alitoka chumba cha picha akiwa mwepesi, koti lake jeupe halijafungwa vifungo, akashika njia ya barazani kuwapa watu habari njema kwa mdomo wake mwenyewe.

Barazani kulikuwa na ukungu na baridi ya Njombe, ile ya kuingia mpaka kwenye meno. Wagonjwa wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi wamejifunika mablanketi, na katikati yao alisimama Shangazi Velonika, mama mfupi mwenye sweta tatu, mkononi ameshika mbeta, lile bomba la mwanzi la kugemea ulanzi. Alikuwa amekuja kumwangalia mtoto wa kaka yake, Obadia Kaduma, mwalimu wa kwaya, na tangu aje hakuna aliyeweza kumwondoa.

"Kamwene, Daktari!"

"Kamwene, shangazi."

"Njoo uonje mtogwa, leo ni siku ya furaha. Ule wa asubuhi hawa wanne waliumaliza, hawakukuachia hata povu. Huu nimeuletewa sasa hivi."

Osmunda alikuwa tayari amenyoosha mkono kupokea kikombe. Mkono ukabaki hewani.

"Wa asubuhi saa ngapi?"

"Si pale mlipotukalisha na baridi, mnasema mashine bado inapashwa moto! Watu wanatetemeka kama kuku walionyeshewa, mimi nitazame tu?"

"Shangazi, niliwaambia hawa wasile kitu."

"Na nani amekula? Obadia, umekula?"

"Sijala," alisema Obadia. Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, na kichwa chake kilichonyolewa kilifunikwa kofia ya sufu.

"Unaona? Na wenzake waulize. Wamefunga kama Kwaresima."

"Na mtogwa?"

"Mtogwa si chakula," alisema Shangazi Velonika, kwa upole ule anaotumia mtu kumfundisha mtoto mzito wa kuelewa. "Ni maji ya mwanzi. Ungekuwa umeshachacha, ningekuelewa, huo ni ulanzi, huo ni pombe. Lakini mtogwa wa alfajiri? Tunawapa hata watoto wachanga. Wewe ni binti Mlelwa wa wapi, usiyejua mtogwa?"

Osmunda aliufahamu mtogwa kuliko alivyofahamu jina lake. Alikua nao. Msimu wa mvua mianzi ikikatwa, ule wa siku hiyohiyo ni mtamu kama asali iliyotiwa maji, na bibi yake hakuruhusu mtu aanze safari bila kuonja. Kosa lilikuwa hapo hapo. Masharti ya Kioo yaliandikwa makao makuu na watu wasiojua mwanzi: marufuku uji, marufuku chai, marufuku soda na juisi. Naye akawasomea vilevile yalivyo, neno kwa neno, kama padri anayesoma tangazo la parokia nyingine.

"Alikunywa Obadia peke yake?" aliuliza, akiwa na tumaini dogo kama punje ya ulezi.

Shangazi aliudhika kweli. "Peke yake! Mimi nimelelewa na nyani? Kikombe kikitoka, kinazunguka."

Osmunda alikaa kwenye benchi, akashika kichwa.

Sababu ya kushika kichwa ilikuwa hii. Zamani, mtu akiwa na uvimbe wa ubongo alipewa dawa, kisha wote wakasubiri miezi kuona kama uvimbe utapungua. Na uvimbe una hila. Ukipigwa na dawa huweza kuvimba kwa hasira, ukaonekana umekua kumbe unakufa. Daktari akaogopa, akaacha dawa iliyokuwa inaponya. Au unatulia kwa unafiki, daktari akaendelea na dawa isiyofanya kitu, na siku akigundua, muda wa kujaribu nyingine umekwisha. Kioo kilikuja kukata ubishi huo. Mgonjwa akishafunga kula, anachomwa sukari ya mwanga, sukari inayong'aa ndani ya picha. Uvimbe ni mlafi, sukari ni chakula chake. Ukiwa hai na nguvu zake, unaila sukari ile na kuwaka kama kaa la moto. Ukiwa umeanza kufa unafifia, hata kama ukubwa wake haujabadilika. Siku chache tu baada ya dozi ya kwanza, jibu liko mezani.

Na dozi yenyewe ilikuwa siafu. Jina la kitaalamu lilikuwa refu, watu hawakulitaka. Ni chembe hai zilizofugwa kwenye pipa la kioo, zikitiwa kwenye damu zinapanda kichwani na kuushambulia uvimbe kwa vinywa vidogo visivyoonekana. Pipa la Nyandatatu lilitosha wagonjwa wanne tu. Sheria ikasema: picha ikififia, mgonjwa anabaki na siafu wake, picha ikiwaka, siafu wanahamia kwa anayefuata kwenye foleni.

Sasa mtu akinywa mtogwa, damu yake inajaa sukari ya mwanzi. Hiyo sukari ya mwanga ikija, inakuta uvimbe umeshakula. Hutamwekea sahani mtu aliyeshiba ukasema umepima njaa yake. Bangili za kupima damu walivalishwa alfajiri wodini, zikasoma vizuri, zikavuliwa. Kikombe kilizunguka baadaye.

Picha zote nne zilikuwa za uvimbe ulioshiba.

*

"Usiniharibie mbuzi," alisema Daktari Mwalongo.

Mwalongo alikuwa mganga mkuu, mtu mnene mwenye sauti ya mshereheshaji. Alikuwa ameshapiga simu mkoani, wizarani, na kwa mwenye mbuzi wa karamu ya jioni.

"Mganga mkuu, picha si za kweli."

"Nani kasema? Kioo kimesema zimefifia."

"Kioo kinasema kilichoona. Hakijui wamekunywa nini."

"Basi mwache asiyejua aendelee kutojua." Alifunga mlango. "Sikiliza, Osmunda. Wewe unajua sheria, nami naijua. Picha iliyoharibika inahesabiwa kama picha mbaya. Hairudiwi, sukari ya mwanga ya mzunguko huu imekwisha. Ukienda pale jioni ukasema zimeharibika, siafu wanaondolewa kwa wote wanne. Hata kwa anayepona. Ndicho unachotaka?"

"Sitaki."

"Basi jua likizama, sema Nathibitisha kama unavyosema siku zote, tukale nyama."

"Na kama kuna mmoja siafu hawamfanyi lolote? Anabaki nao bure, uvimbe unakua, na Mama Tusekile anasubiri nje."

"Tutamwona kwenye picha ijayo, baada ya miezi mitatu."

"Miezi mitatu!" Osmunda alisikia sauti yake imepanda. "Si ndiyo hiyo miezi mitatu tuliyoletewa Kioo ili tusiisubiri? Sasa Kioo cha nini? Tungebaki na ramli!"

"Punguza sauti. Ukuta ni mwembamba."

Ukuta ulikuwa mwembamba kweli. Nje yake, kwenye kiti cha plastiki, Mama Tusekile wa Makete alikuwa anafuma sweta, kama alivyokuwa akifuma tangu aandikishwe wa kwanza kwenye foleni. Uvimbe wake ulikuwa umeshaanza kumlegeza mkono wa kushoto. Sweta lilikuwa na mshono mzuri upande mmoja, na upande wa pili mshono ulikuwa unapotea njia. Osmunda alimpita bila kumtazama usoni, akajichukia kwa hilo.

*

Nyuma ya jengo la kufulia kulikuwa na Kinu.

Kinu kilikuwa mashine ya kale ya sumaku, iliyoitwa hivyo kwa sababu ikifanya kazi inatwanga, *du-du-du*, mpaka ujihisi mahindi. Tangu Kioo kije, chumba chake kilikuwa stoo ya magodoro. Lakini Kinu kilikuwa na aina ya picha ambayo Osmunda aliifundishwa ujanani na haikuhitaji sukari. Kilipima maji.

Mwili wote ni maji, na maji hayatulii. Ndani ya uvimbe wenye nguvu chembe zimebanana kama watu kwenye mazishi ya tajiri, na maji hayapati pa kupita. Chembe zikianza kufa, zinapasuka, nafasi inapatikana, maji yanaanza kutembea. Kinu kinayaona yakitembea. Mtogwa unywe, usinywe, hakijali.

Sheria haikuitambua picha ya maji. Osmunda alijua hilo, akaendelea kutoa magodoro.

Aliwaingiza mmoja mmoja mchana ule, akiwaambia ukweli nusu, kwamba anataka kuhakikisha. Wa kwanza, maji yalikuwa yanatembea. Wa pili, yanatembea. Wa tatu alikuwa dada mmoja mkulima wa viazi aliyelala usingizi ndani ya kelele zile, na maji yake yalitembea vizuri kuliko yote. Osmunda akaanza kupumua. Akaanza hata kuomba, yeye ambaye kanisani alikwenda kwa sababu ya kwaya.

Wa nne alikuwa Obadia.

Maji yalisimama. Alirekebisha kichwa cha Obadia kwenye mto, akarudia. Yalisimama. Akarudia tena, akakitukana Kinu kwa lugha ya nyumbani kwao, na yale maji yakakaa palepale yalipobanwa, kama ng'ombe mkaidi mtoni.

"Mashine imekosea wimbo?" Obadia aliuliza kutoka ndani. "Hiyo sehemu umeipiga mara tatu."

*

Alimweleza kwenye ukingo wa bustani, chini ya misonobari, mbali na masikio ya shangazi. Alimweleza yote: mtogwa, Kioo, Kinu, maji. Kwamba wenzake watatu siafu wanawafaa. Kwamba yeye hawamfai, na kila wiki anayobaki nao ni wiki anayoupa uvimbe bure. Kwamba kuna njia nyingine, mwali, ule wa mionzi wa Mbeya, unaochoma kutoka nje, na kwa sasa uvimbe wake bado mdogo kiasi cha kuchomeka.

"Huo mwali," alisema Obadia, "unachoma uvimbe tu?"

Osmunda hakutaka kujibu, akajibu. "Uvimbe umekaa karibu na mahali pa maneno. Unaweza kuondoka na baadhi yake."

"Maneno yapi?"

"Hakuna anayejua mpaka ukiyatafuta ukayakosa."

Obadia alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. "Basi kwa nini unanong'ona? Kaseme kwa Kioo."

"Nikisema picha zimeharibika, wenzako wote wanapoteza siafu. Lakini mgonjwa mwenyewe anaweza kujitoa. Sheria inaruhusu, hakuna anayeulizwa sababu. Ukijitoa wewe kwa hiari, wao wanabaki, Mama Tusekile anaingia, na wewe unakwenda Mbeya. Hakuna picha itakayofunguliwa tena. Kila mtu anapata haki yake."

Aliliona lilivyokuwa safi lile wazo. Alikuwa amelibeba tangu kwenye Kinu kama yai.

Obadia alicheka, lakini si kwa furaha.

"Kila mtu. Na wewe unapata nini, Daktari?"

"Mimi?"

"Wewe hupati kitu. Hugombani na Mwalongo, huulizwi kwa nini ulisoma masharti kama kasuku, jioni unasema Nathibitisha kama kawaida. Na uongo unabaki umekaa mle ndani ya mashine, wakija wengine wataambiwa wanne walipona Njombe." Alisimama. "Mbeya nitakwenda. Sijakataa. Mimi si mpumbavu, maji yakisimama yamesimama. Lakini nitakwenda kwa sababu umesema siponi, mbele ya watu, na si kwa sababu nimejitoa kimya kimya kama mwizi wa sadaka. Kikombe hiki ni chako. Usiniletee mimi nikunywee."

Akaondoka na hatua zake ndefu. Osmunda akabaki na misonobari. Alikuwa na hasira na Obadia, na shangazi, na Mwalongo na mbuzi wake, na wale wa makao makuu wasiojua mwanzi. Alizipekua hasira zote hizo moja moja, na kila aliyoigeuza aliikuta ina uso wake.

*

Jua lilipoanza kuzama nyuma ya ukungu, Kioo kiliita. Kilikuwa na sauti ya kike, laini, ya mtu asiyepata kusikia baridi.

"Picha nne zimefifia. Wagonjwa wanne wataendelea. Daktari, unathibitisha?"

Sheria ilitaka neno la mwisho litoke kinywani mwa binadamu. Waliotunga sheria waliona hiyo ndiyo kinga. Kwa miaka yote neno hilo lilisemwa kama amina.

Mwalongo alikuwa mlangoni. Nyuma yake walisimama wagonjwa, maana Osmunda alikuwa amewaita wote, na Mama Tusekile na sweta lake, na Shangazi Velonika, ambaye hakuitwa.

"Sithibitishi," alisema Osmunda.

"Jibu halijatambuliwa. Tafadhali sema: Nathibitisha."

"Sithibitishi."

"Jibu halijatambuliwa. Tafadhali sema: Nathibitisha."

"Mashine hii ni kiziwi au ni jeuri?" aliuliza shangazi.

"Sithibitishi!" alifoka Osmunda. "Sithibitishi, sithibitishi, hata ukiuliza mpaka kesho!"

Kioo kilinyamaza. Kisha kikatoa mlio ambao hakuna aliyewahi kuusikia, na kwenye ukuta akatokea mzee mmoja wa Baraza linalosimamia Vioo vyote, huko Dodoma, mdomoni ana tonge.

"Nani anaita? Hii njia haijawahi kulia."

Osmunda alieleza. Alisema picha zimeharibika na kwamba kosa ni lake, aliyezaliwa kwenye mianzi akasahau kuutaja mtogwa. Alimtumia picha za maji. Alisema watatu wanapona, na mmoja hapana, akamtaja, naye Obadia akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mtogwa ni nini?" aliuliza mzee wa Baraza.

Hapo Shangazi Velonika alimsukuma Mwalongo kwa bega, akaingia. "Baba, wewe umekua bila mtogwa? Pole sana. Ni maji ya mwanzi. Mimi ndiye niliyewapa, kikombe kimoja kwa wote wanne. Kama kuna wa kufungwa nifungeni mimi, lakini msifunge mdomo wa mtu mwenye baridi."

Mzee alimeza tonge. Alizitazama picha za maji kwa muda; inaonekana ujana wake naye alipita kwenye Kinu, kwa sababu midomo yake ilikuwa ikitwanga taratibu, *du-du-du*.

"Sheria haizijui hizi," alisema mwishowe.

"Sheria inamjua daktari," alisema Osmunda. "Ilitaka neno langu. Hilo ndilo neno langu."

"Nikiwaachia siafu hawa watatu na ikawa umekosea, wamekula nafasi ya watu. Jukumu la nani?"

"Langu."

"Si la hospitali?"

Mwalongo alitazama dari.

"Langu," alisema Osmunda tena.

"Basi watatu wabaki. Wa nne aende Mbeya, anayefuata aingie. Na wewe, binti, kuanzia kesho huthibitishi kitu mpaka tukuite hapa Barazani. Leta na huyo mama." Akafikiri. "Mwambie asije mikono mitupu."

Ukuta ukazima. Mama Tusekile alikuwa ameketi sakafuni, mkono wake mzima umeushika ule uliolegea.

*

Asubuhi gari la Mbeya lilikuwa linanguruma getini. Osmunda alitoka bila koti jeupe, na baridi ikampata pale koti lilipozoea kuwa.

Shangazi Velonika alikuwa na mbeta yake. Safari haianzi bila kuonja, hata dunia igeuke. Lakini kabla hajamimina aligeuka.

"Daktari. Huyu anapigwa picha leo?"

"Leo hapigwi. Keshokutwa. Na keshokutwa, shangazi—"

"Nimesikia. Sina masikio ya mashine."

Obadia alikunywa, akampa Osmunda. Ulikuwa wa jana, umelala, umeanza kuchacha. Ulimkwaruza koo na kumtoa machozi, au machozi yalikuwepo tangu mwanzo. Kikombe kikaendelea kuzunguka mpaka kikamfikia Mama Tusekile, ambaye alinyoosha mkono wake mzima. Shangazi alikifunika kwa kiganja.

"Wewe subiri. Wewe leo unakwenda kulisha siafu."

Obadia alipanda gari, akafungua dirisha. Alikohoa kidogo kutafuta sauti. Kisha akaanza wimbo wa kuaga, ule ambao kwaya yake ilizoea kuukata katikati kwa sababu ni mrefu, na gari lilipoanza kuteremka kwenye ukungu walimsikia bado anaimba, ubeti baada ya ubeti, bila kuruka hata mmoja.